Shamba Moja, Madaftari Manne: Vidokezo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kengele inalia, Hisabati inafungwa na Sayansi inafunguliwa. Mtoto aliyekuwa anatafuta eneo la mstatili dakika tano zilizopita sasa anachora mizizi ya mmea, wala haimjii akilini kwamba mstatili ule na mmea huu vinaweza kukutana nyuma ya darasa lake. Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, unataka vikutane. Lakini mwalimu akisikia "kuunganisha masomo" anawaza maandalio mapya, zana mpya, na semina nyingine isiyo na posho. Haya hapa ni ya kufanyika bila semina.

1. Anza na kitu, achana na mada.
"Mazingira" ni mada, na ni pana kiasi kwamba kila mtu atasema lake kipindi kiishe. Tenki la maji, sufuria ya uji, shamba la shule: hivyo ni vitu. Kiulizie kitu hicho swali moja ambalo somo moja halitoshi kulijibu, kisha uwaache watoto wahangaike nalo kabla hujagusa chaki.

2. Pima shamba kabla ya jembe.
Chukua kipande cha mita 9 kwa 6. Mahindi hupandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo. Waulize Darasa la Tano: tunahitaji mbegu ngapi? Darasani watagawanya vizuri tu. Nafasi 12 upande mmoja, 20 upande mwingine, jibu 240, tiki nyekundu.

Sasa watoke nje na kamba iliyofungwa mafundo kila sentimita 30, wachimbe kuanzia ukingoni. Watapata mistari 13 yenye mashimo 21 kila mmoja, yaani mashimo 273. Hapo kelele itaanza. Kundi moja litasema kamba imevutika, jingine litawalaumu waliochimba. Usiwaokoe mapema. Mwishowe yupo atakayegundua kuwa nafasi 20 zina mashimo 21, kwa sababu mwanzo una shimo na mwisho una shimo. Mwingine, akibanwa kidogo, ataona kwamba mkianza nusu nafasi kutoka ukingoni, jibu la daftari linarudi kuwa sahihi. Kosa hilo halionekani ubaoni hata ukilifundisha wiki nzima.

Sayansi inaingia yenyewe: kwa nini 30, isiwe 10? Pandeni kona moja kwa msongamano, kwa makusudi, mlinganishe urefu na unene wa mashina baada ya miezi miwili. Sanaa ina kazi yake ya kuchora shina lilelile kila wiki, na Kiswahili kina mahojiano na bwana shamba au bibi shamba wa kata, yakiandikwa kwa maswali ambayo watoto wenyewe wameshindwa kuyajibu.

Shamba la shule si geni. Mwalimu Nyerere alilipa nafasi kubwa katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, akitaka kazi na masomo viende pamoja. Kwingi lilibaki jembe tu: ukichelewa namba, nenda kapalilie. Shamba likishageuzwa adhabu, usitegemee mtoto alipende kama darasa. Tafuta adhabu nyingine, au bora zaidi, usitafute.

3. Chupa ya mvua.
Kata shingo ya chupa ya plastiki, uigeuze iwe mrija wa kukingia. Kitako cha chupa huwa na mabonde, kwa hiyo weka kokoto, mimina maji hadi pale chupa inaponyooka, kisha chora mstari wa sifuri hapo. Ukiruka hatua hii, vipimo vyote vitakudanganya. Ibandike rula kwa nje, uiweke uwanjani mbali na miti, na kiranja aisome kila siku saa ileile.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo paa linalofunika mita 8 kwa 5, likipata milimita 25, linatoa lita 1,000. Hakuna haja ya mtoto kupanda juu ya bati: pima ardhi iliyofunikwa na paa, maana mteremko hauongezi mvua. Halafu nendeni mkachungulie tenki. Maji yatakuwa pungufu, na hapo ndipo penye somo: mfereji unavuja wapi, bati lilikunywa kiasi gani kabla halijaanza kutiririsha? Jiografia inachora grafu ya masika. Kiswahili kinaandika barua kwa kamati ya shule kuhusu mfereji mbovu, ikiwa na namba ndani. Kamati ikiukarabati kweli, watoto hawataihitaji tena hotuba yako kuhusu faida za kuandika.

4. Usilazimishe.
Kuchora samaki pembeni mwa hesabu ya kujumlisha hakuunganishi chochote. Kipimo ni rahisi: ondoa somo moja. Kama kazi inaendelea bila kutetereka, somo hilo lilikuwa pambo. Jedwali la kuzidisha linataka kukaririwa, basi likaririwe. Ufini, nchi inayosifiwa sana kwa jambo hili, katika mtaala wake wa 2016 iliagiza kila mwanafunzi apate angalau kazi moja ya namna hii kwa mwaka. Moja. Wewe ukifanya moja kwa muhula umewapita.

5. Chai ya saa nne.
Kwa anayeshika Darasa la Kwanza au la Pili peke yake hili ni jepesi. Juu huko kila somo lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana azimio lake la kazi. Yawekeni mawili mezani, mkiwa na kalamu. Mara nyingi mtakuta mada ya eneo imepangwa miezi miwili baada ya mahindi kupandwa. Mwombeni mwalimu wa taaluma awaruhusu kusogeza mada moja, na awape vipindi viwili mfululizo siku ya kazi ya nje. Dakika 40 zinaisha kabla majembe hayajapatikana.

6. Hamna shamba? Chimbeni bao.
Mashimo 32 katika safu nne za nane, kete 64. Kwa kuanzia tumieni bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, maana lenyewe kamili huwatoa jasho hata wazee wa Unguja na Lamu. Kuzidisha na kubashiri vimo humohumo. Kazi tamu zaidi ni ya Kiswahili: kundi liandike maelekezo ya kucheza, kundi jingine liyafuate neno kwa neno, bila kuuliza. Mchezo utakwama mara moja, pengine kwenye sentensi ya kwanza, na waandishi wataiomba karatasi yao warudie. Lini umeona mtoto akiomba kurudia insha?

7. Kila daftari lipate lake.
Mwalimu mkuu atauliza, na mzazi pia: hii inaingiaje kwenye mtihani? Ni haki yao, kwani upimaji wa Darasa la Nne bado huja somo kwa somo. Basi hesabu ya mbegu iandikwe kwenye daftari la Hisabati na isahihishwe na mwalimu wa Hisabati, barua iende kwa wa Kiswahili, mchoro kwa wa Sanaa. Tarehe iwe ileile kwenye madaftari yote. Mdhibiti ubora akija, mfungulie yote kwa pamoja juu ya meza.