Mchunga: Namna ya Kuupanda Doha na Tahadhari kwa Wenye Kisukari

Mchunga wa kwetu pwani, wenye maua ya njano na utomvu mweupe, ni ukoo mmoja na alizeti. Hapa Doha panda mbegu au kipande cha mzizi mwezi wa Novemba, joto likishapungua. Tumia ndoo yenye matundu chini, mchunga peke yake, kwani mizizi yake hutambaa sana. Chuma majani machanga, chemsha, mwaga maji ili kupunguza uchungu, kisha unga kwa tui la nazi.

Wengi husema mchunga unatibu kisukari. Kula kama mboga, lakini usiache vidonge wala insulini. Sukari isiyodhibitiwa huharibu macho, figo na miguu. Mweleze daktari wako dawa zote za kienyeji unazotumia.