Mtungi Hautaki Rangi

Wewe uliyehamia Dodoma na kununua mtungi kwa sababu umependa umbo lake, soma haya kabla hujauharibu.

USIUPAKE RANGI. Wala vanishi, wala mafuta ya kula ili ung'ae. Mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho: maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, hufika nje, upepo huyakausha, nayo yakiondoka huondoka na joto. Katika mtungi wa lita 20, glasi moja tu ikikauka huchukua joto la kutosha kupoza maji yaliyobaki kwa karibu nyuzi 6, ingawa hewa ya nje hurudisha sehemu ya joto hilo. Wangu niliupaka rangi ya mafuta ya bluu, masalio ya madirisha. Ulipendeza kweli. Jioni nikaupapasa tumbo: mkavu kama sahani, na maji ya ndani vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Nilikwangua kwa msasa siku mbili, na hadi leo upande mmoja hautoi jasho.

USIUFUNGIE KABATINI. Uweke kivulini, karibu na mlango unaopitisha upepo. Kiangazi cha huku, Mei hadi Novemba, hewa hukauka mpaka midomo inapasuka, na ukavu huohuo ndio unaoupa mtungi nguvu. Dar es Salaam, ambako hewa imeshiba unyevu wa bahari, mtungi uleule hufanya kazi kivivu. Basi usiniletee habari za mtungi wa shangazi yako wa Temeke.

USIUSAWAZISHE KITAKO KWA SARUJI, hata ukiyumba. Mfinyanzi aliuacha mviringo kwa makusudi: hauna kona ya kupasukia motoni. Uketishe juu ya mawe matatu, upepo upite chini.

SUGUA NJE kwa brashi na maji matupu kila wiki. Sabuni hapana. Maji ya visima vyetu yana chumvi, nayo huganda kama unga mweupe na kuziba vinyweleo.

CHOTA KWA KATA ya kibuyu, yenye mpini mrefu. Shingo imebanwa ili vumbi na mikono visiingie; ukitumbukiza kikombe, vidole vimeshaingia. Na mtungi hauui vijidudu: chemsha maji kwanza, yapoe, ndipo umimine.

Ukikuta sakafu imelowa chini yake, usiurudishe sokoni ukagombane na mama wa watu kwamba kakuuzia mtungi unaovuja.