Bomba la Bafuni

Dada yangu wa Tanga,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kilichonikaa moyoni ni lile bomba: kila baada ya chakula cha usiku, binti yako wa miaka 17 hujifungia bafuni na kufungulia maji kwa nguvu, nawe umesimama ukumbini, bado unamsikia akitapika. Ulidhani ni mimba, ukampima, hamna. Bibi yake akasema jini. Ulipokuta karatasi za biskuti na mfuko wa mkate chini ya godoro, ukamwita mroho, ukatia kufuli kabati la chakula.

Kufuli hilo liondoe leo.

Umeandika, kama jambo dogo, kwamba asubuhi hanywi chai na mchana hagusi wali kwa sababu anataka kupungua. Mimi naona shida inaanzia hapo. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack, wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kizito cha maziwa, kisha wakawawekea aiskrimu, wale watakavyo. Wasio na mazoea ya kujinyima, wakishakunywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo. Wenye kujinyima walikula nyingi kuliko wenzao wa kujinyima ambao hawakupewa maziwa kabisa. Mwiko ulishavunjwa, wakaona hakuna tena cha kulinda.

Ndiyo hali ya binti yako usiku. Njaa ya kutwa inamzidi, anakula hadi anajiogopa, aibu inampeleka bafuni, na kesho anajinyima zaidi ili kufidia. Uliyoyaeleza yanafanana sana na bulimia, ugonjwa uliopewa jina hilo mwaka 1979 na Gerald Russell, daktari wa magonjwa ya akili wa London. Daktari ndiye wa kuthibitisha. Unatibika.

Mpeleke hospitali wiki hii, mwombe daktari apime damu. Kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu, na moyo huitegemea ili upige sawasawa. Akizimia, moyo ukimwenda mbio au akitapika damu, usingoje kuche. Ulizia pia kitengo cha afya ya akili, apate mwanasaikolojia.

Nyumbani, chai na kitafunwa asubuhi, chakula cha mchana, kitu kidogo alasiri, kisha cha usiku. Zisipite saa nne hivi bila kula. Kaa ule naye, na baada ya chakula mbaki pamoja, hata kama ni kuchambua mchele. Akitapika asipige mswaki papo hapo, kwa kuwa asidi ya tumboni hulainisha meno. Asukutue kwa maji tu. Na shangazi zake waambie neno "umenenepa" liishie mlangoni, hata kwa utani.

Usimkabili mezani wala mlangoni pa bafu. Mtafute ametulia, umwambie: "Mwanangu, nimekuwa nikilisikia bomba. Sina hasira nawe. Jumatatu tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe." Kisha umwombe radhi kwa lile neno mroho.