Kuvua kwa Kayaki Katika Maji ya Kina Kifupi: Somo Kutoka Mikokoni

Kimumu iko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mkoko hata mmoja. Hata hivyo, mkazi wa Kimumu anayebeba ndoana Jumamosi kwenda bwawani, Kesses au kwingineko, anafanana na mvuvi wa Gazi au Mida kule Pwani kwa jambo moja. Wote wawili huvua mahali ambapo maji humfika mtu kiunoni, na maji ya kiasi hicho hudharauliwa. Watu wa Pwani wameyazoea kwa vizazi vingi, kwa hivyo somo hili linaanzia kwao.

Kayaki ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, kinachoendeshwa kwa kasia lenye bapa pande zote mbili. Huelea hata pale maji yanapokuwa na kina cha shibiri moja, hakina injini, na hakishtui samaki. Kazi hiyo mikokoni imefanywa tangu zamani kwa mtumbwi wa gogo la mwembe, ukisukumwa kwa upondo. Chombo ni kipya, ujuzi ni wa kale.

Samaki huingia mikokoni kwa sababu mizizi ni maficho. Changu, chewa na mwatiko wachanga hukulia humo mbali na samaki wakubwa. Maji yakijaa, samaki huingia hadi chini ya miti. Yakianza kupwa, hutoka kupitia vijito vyembamba, na hapo ndipo mvuvi huwangojea.

Hapo hapo ndipo pana hatari. Bahari ya Kenya hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kujaa na saa sita kupwa, na kila siku wakati husogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji Mombasa huweza kukaribia mita 4. Anayenogewa na samaki akachelewa kutoka hujikuta juu ya tope tupu. Kosa linalofuata ni baya zaidi: kushuka ili akivute chombo. Tope la mikokoni humeza mguu hadi pajani. Mvuvi mzoefu hubaki chomboni, hunywa maji aliyobeba, na kusubiri bahari irudi. Aliyekwisha kunasa hulalia kayaki kwa kifua ili uzito wake usambae, kisha hutoa mguu mmoja mmoja bila pupa.

Bwawa la Uasin Gishu halifuati mwezi, lakini tope linalo. Udongo wa mashamba ya mahindi na ngano huoshwa na mvua na kutulia ukingoni, kisha mafunjo na nyasi huota juu yake hadi pakaonekana kama nchi kavu. Kanuni ya mikokoni inatumika vilevile: mtu hashuki mahali ambapo hajapima kwa kasia.

Yako pia mambo ambayo mtu wa Pwani hana budi kujifunza huku. Msimu wa mvua, ngurumo huja alasiri kwa haraka, na aliye katikati ya bwawa ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo. Ngurumo ya kwanza ikisikika, anatoka majini, samaki watamngojea. Maji ya nyanda za juu ni baridi pia, na aliyepinduka jioni huishiwa nguvu za mikono mapema, hata kama anajua kuogelea. Jaketi okozi lifungwe kifuani. Kulikalia kama mto, jinsi wengi wanavyofanya, ni sawa na kuliacha nyumbani.

Ukingo wa bwawa ni kitalu cha samaki kama ilivyo mikoko. Dume la tilapia huchimba kiota kwenye maji haba, na jike hubeba mayai kinywani hadi yaanguliwe. Wavu ukitandazwa hapo, kizazi kizima huondoka kwa siku moja. Ndoana kubwa humwacha mchanga, na jike lenye mayai kinywani hurudishwa majini mara moja. Kambare naye, anayeweza kuvuta hewa ya juu, hustahimili tope ambalo tilapia hafiki, na hupatikana zaidi machweo.

Uvuvi ni kati ya majukumu ya kaunti katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Anayetaka kuvua kwa chombo aanzie kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, aulize kuhusu leseni, zana zinazoruhusiwa na bwawa lenyewe, kwa kuwa mengine ni ya maji ya kunywa. Kabla ya kuondoka Kimumu, amwambie mtu wa nyumbani anakwenda bwawa lipi na atarudi saa ngapi.