Nyenzo Tendaji: Ya Kufanya na ya Kutofanya Maabara

Unasomea kemia ya nyenzo za sola, betri na vichujio vya maji. Akili unayo. Kinachoumiza watu ni haraka.

Fanya: Ijue glavu yako

Mwaka 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth, Marekani, aliyebobea katika metali zenye sumu, alidondokewa na matone machache ya dimethilizebaki kwenye glavu ya lateksi. Yalipenya kwa sekunde chache. Alifariki Juni 1997. Kosa halikuwa lake: kanuni za wakati ule alizifuata. Wewe huna udhuru, majedwali ya glavu yapo. Anayetengeneza wino wa perovskaiti wa seli za sola ajue kwamba dimethilifomamaidi hupita haraka kwenye glavu nyembamba za naitraili, tena ikiwa na risasi iliyoyeyuka ndani yake. Ikikudondokea, vua glavu hapo hapo.

Usifanye: Kushika kitasa na simu ukiwa na glavu

Mwenzako anashika kitasa hicho hicho mikono mitupu, kisha anakula chapati.

Fanya: Acha nafasi kwenye chungu cha shinikizo

Theluthi moja ibaki tupu. Maji yakipata moto hutanuka, na chungu kilichojaa hakina pa kuyaweka. Kikombe cha Tefloni kilichomo ndani yake huyeyuka kwenye 327 °C, lakini hulegea mapema zaidi. Usikipandishe kupita 220. Subiri kipoe chenyewe. Kukimwagia maji ya bomba ili uwahi basi ni upumbavu.

Usifanye: Kuleta asetoni karibu na piranha

Mchanganyiko huu wa asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksaidi husafisha kioo kwa kula kila kitu chenye kaboni. Kioo kilichosuuzwa kwa asetoni kikitumbukizwa kingali kimelowa, mchanganyiko unaweza kulipuka. Peroksaidi ndiyo humiminwa polepole ndani ya asidi, kamwe si kinyume. Wala usiifungie piranha kwenye chupa yenye kifuniko: gesi inaendelea kutoka, na chupa itapasuka usiku.

Fanya: Pima fuwele kwa eksirei kabla ya kudai lolote

Anatesi na rutili zote ni titani dioksaidi, zote poda nyeupe. Pengo la nishati la anatesi ni takriban elektroni-volti 3.2, la rutili 3.0. Jicho halitakuambia umepata ipi.

Usifanye: Kutangaza ushindi bila jaribio la gizani

Hili linanichosha kuliko yote. Mwanafunzi anaweka poda kwenye maji yenye methilini bluu, anaanika juani, bluu inafifia, anaandika kwamba nyenzo yake huvunja uchafu kwa mwanga. Iweke gizani kwanza. Ikififia na huko, poda imenyonya rangi tu. Weka na chombo kisicho na poda juani, maana rangi yenyewe huchakaa kwa mwanga.

Fanya: Jaribu kichujio kwa maji ya kisimani

Mkaa wa mifupa hunasa floraidi, na maeneo ya Arusha yanauhitaji: visima vingi huko hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mifupa isiyoungua vya kutosha hunukisha maji; iliyounguzwa kupita kiasi hupoteza uwezo wa kunasa.

Usifanye: Kuishia kwenye maji safi uliyotia sodiamu floraidi

Maji ya kisimani yana bikabonati na chumvi nyingine zinazogombania nafasi ile ile kwenye mkaa. Namba nzuri za maabara haziwezi kunywewa na mtoto wa Arusha.