Mji wa Bielefeld: Kilima cha Ngome na Bonde la Wagonjwa

Somo la kusomwa nyumbani na katika vikao vya wainjilisti

Kila akaaye Biharamulo alijua boma la Wadachi lililosimama juu ya mji, na wageni huja kulitazama. Kule Ngara nako yako maporomoko ya Rusumo, ambapo Mdachi Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera mwaka 1894 akaingia Rwanda. Basi tumezoea kutazama mahali walipopita watu wale na vitu walivyoviacha kwetu. Leo na tugeuze safari: twende sisi tukautazame mji mmoja wa kwao, kwa njia ya kusoma, isiyotaka nauli.

Hatutakwenda Berlin wala Hamburg, ambako wasafiri wengi hukimbilia. Twaenda Bielefeld, mji wa watu zaidi ya 300,000 katika nchi ya Westfalia, kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Jina lake halina sifa kubwa. Wajerumani wenyewe hutania kwamba mji huo haupo. Lakini ndiko walikotumwa wamisionari waliofika Bukoba mwaka 1910. Kwa hiyo sehemu moja ya habari za kanisa letu ilianzia huko, nasi yafaa tupajue.

1. Kilima cha ngome

Mji ulianzishwa mwaka 1214 na Hermann, bwana wa nchi ya Ravensberg, mahali njia ya biashara ipitapo katikati ya vilima vya Teutoburg. Juu ya kilima kimoja ikajengwa ngome iitwayo Sparrenburg, kabla ya mwaka 1250. Waliokaa juu waliilinda njia na kuwatawala waliokaa chini. Hata leo mnara wake wa mita 37 waonekana kwa mbali, na wageni huongozwa katika njia zilizojengwa chini ya ardhi, ambamo askari walikuwa wakijificha wakati wa vita.

Mtu wa Biharamulo akiitazama ngome ile hatauliza maana yake. Ataona boma juu na watu chini, kama alivyozoea. Tena atajifunza neno hili, kwamba Wadachi, kabla ya kuja kutujengea boma sisi, walikuwa wamekwisha kukaa chini ya maboma yao wenyewe kwa miaka mamia.

Uani mwa ngome imesimama sanamu ya Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg wa zamani. Iliwekwa mwaka 1900 mbele ya Kaisari Wilhelm II, yule yule ambaye siku zile bendera yake ilipepea katika nchi yetu. Mtawala huyo wa kale alianzisha mwaka 1682 kampuni ya biashara ya Afrika, nayo iliuza watumwa kutoka pwani ya Guinea. Mgeni asiyejua habari hii hupiga picha akapita. Ajuaye husimama kidogo.

2. Mji wa kitani

Tushuke sasa mjini. Watu wa Bielefeld walipata riziki kwa kufuma nguo za kitani. Sanamu ya mfumaji, iliyosimamishwa mwaka 1909, iko katika mji wa kale. Si sanamu ya mfalme wala ya jemadari, ni ya mtu wa kazi. Kiko pia kiwanda kikubwa cha kusokota kitani, kilichoanzishwa katikati ya karne ya 19 na kufungwa mwaka 1974. Badala ya kukibomoa, wenyeji walikifanya mahali pa masomo ya watu wazima.

Katika kanisa la Mtakatifu Nikolao imo madhabahu ya mbao iliyochongwa huko Antwerp yapata mwaka 1524, yenye sanamu ndogo zaidi ya 250. Tarehe 30 Septemba 1944 ndege za vita ziliupiga mji kwa mabomu, watu zaidi ya 600 wakafa, na kanisa likaungua. Madhabahu yalisalimika kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuondolewa na kufichwa. Basi sehemu kubwa ya mji uitwao wa kale imejengwa upya.

3. Bonde la Bethel

Wasafiri wengi huishia hapo. Lakini ng'ambo ya kilima cha ngome liko bonde liitwalo Bethel, jina tunalolijua kutoka katika habari za Yakobo. Mwaka 1867 ilifunguliwa huko nyumba ya vijana wenye kifafa, ambao siku zile walifichwa au kufukuzwa makwao. Mwaka 1872 akaja mchungaji Friedrich von Bodelschwingh kuisimamia. Yeye na mkewe walikuwa wamefiwa na watoto wao wote wanne katika mwezi mmoja, Januari 1869. Mtu aliyepigwa hivyo alijua kilio cha mzazi.

Chini ya uongozi wake nyumba moja ikawa kijiji kizima, chenye nyumba nyingi, karakana, mashamba, na kanisa la Sayuni lililofunguliwa mwaka 1884 kilimani katika msitu. Shauri lake lilikuwa kwamba mgonjwa asilishwe tu kama mzigo, bali apewe kazi aiwezayo, ili ajue kwamba naye ni mtu. Tangu mwaka 1888 wagonjwa walipewa stempu zilizotumika, waziondoe katika bahasha na kuzipanga ziuzwe. Na hata leo watu hupeleka stempu zao Bethel.

4. Njia ya kutoka bondeni hadi kwetu

Chama cha misioni kilianza Berlin mwaka 1886, siku zile zile Wadachi walipokuwa wakijitwalia nchi yetu, na baadhi ya waanzilishi wake waliitamani nchi kuliko watu wake. Tusilifiche jambo hili. Bodelschwingh aliingia katika kazi hiyo mwaka 1890, na mwaka 1906 makao yake yakahamia Bethel. Watu wake walifika Usambara mwaka 1891, Rwanda mwaka 1907, na Bukoba mwaka 1910. Huko Bukoba hawakukuta giza tupu: walikuwapo wasomaji waliokwisha kuipata Injili kutoka Buganda.

Baadaye njia ikapitwa kwa upande wa pili. Josiah Kibira, mwenyeji wa Buhaya, alisoma theolojia Bethel. Akawa askofu mwaka 1964, na tangu 1977 hata 1984 alikuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Mji uliotuma waalimu ukampokea mwanafunzi ambaye dunia ilimsikiliza.

5. Siku za giza

Bonde lile halikukosa doa. Tangu mwaka 1934, kwa sheria ya serikali ya Hitler, wagonjwa wengi wa Bethel walifanyiwa upasuaji ili wasizae. Mwaka 1940 serikali ilianza kuwaua wagonjwa na vilema kwa siri. Zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi hata mwaka 1941. Bodelschwingh mwana, aliyerithi kazi ya baba yake, pamoja na mchungaji Paul Gerhard Braune, waliipinga serikali kwa maneno na kwa barua. Wagonjwa wengi wa Bethel waliokoka. Lakini baadhi ya wagonjwa Wayahudi waliokuwa humo walichukuliwa, wakauawa. Twajifunza kwamba nyumba ya rehema haisimami kwa jina lake zuri. Yasimama kwa watu wanaokataa, kila siku, kumtoa aliye dhaifu.

6. Jambo letu

Mji una vilima vyake na majengo yake, lakini tukitaka kuujua kweli tuulize: Je, wadhaifu wake huwekwa wapi? Ngome ya Sparrenburg haikutufikia. Lililotufikia ni lile bonde. Nasi tulilopokea habari zake, wenye kifafa tunawaweka wapi? Wako vijijini mwetu wanaokula peke yao, na watoto waliotolewa shuleni. Wengine huungua motoni kwa sababu kila mtu aliogopa kuwagusa.

Waalimu, wafundisheni watu hivi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu. Dawa zipo, na wengi wakizitumia bila kuacha hawaanguki tena. Mtu akianguka, mwondoe penye moto na maji, mwekee kitu laini chini ya kichwa, kisha mlaze kwa ubavu. Usimtie kitu kinywani. Akizidi dakika tano, apelekwe hospitali upesi.

Maswali ya kuzungumza

1. Boma la Biharamulo lilijengwa ili limfae nani? Kanisa lenu je?
2. Kwa nini Bodelschwingh aliona ni vema mgonjwa apewe kazi?
3. Taja wenye kifafa mnaowajua katika mtaa wenu. Ni nani atakayekwenda kwao juma hili?