BAADA YA IDI: KURUDI KATIKA KULA KWA KIASI

Ndugu Waislamu,

Siku ya Idi ni siku ya kula, kunywa na kufurahi. Sharia imeharamisha kufunga siku hiyo, wala hatuandiki somo hili kumlaumu mtu aliyekula pilau na halua siku ya Mfunguo Mosi. Furaha hiyo ni haki yake. Tutakalo kulieleza ni jambo jingine: Idul-Fitri ni siku moja, lakini katika miji yetu ya pwani sinia ya Idi haiondolewi mpaka mwezi ukaribie nusu.

Nami mwandishi sijitoi. Mwaka mmoja nilizunguka nyumba za jamaa juma zima, na kila nyumba nikala, kwani kukataa huonekana dharau. Siku ya tisa Alfajiri ikanipita nimelala, tumbo limenilemea. Na siku chache kabla yake mimi ndiye niliyekuwa nikiwagongea watu milango wakati wa daku. Nikajiuliza: mwezi mzima wa kufunga umenifunza nini, ikiwa siku tisa zimetosha kuufuta?

DINI YASEMAJE

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa, na papo hapo ametukataza israfu. Hakukataza chakula, alilolikataza ni kupita kiasi. Na katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib, aliyoitoa Imam Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa hakuna chombo kiovu mtu akijazacho kuliko tumbo, na kwamba yamtosha tonge chache za kumwinua mgongo. Akiwa hana budi kuzidisha, basi aligawe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliisifu sana njaa katika Ihya; lakini mwisho alieleza kuwa lililo bora ni la katikati: mtu asihisi uzito wa tumbo wala uchungu wa njaa.

MATABIBU WASEMAJE

Mwili upewapo chakula kuliko haja yake, ziada hugeuka mafuta. Mafuta yakizidi, hasa tumboni, insulini, ambayo kazi yake ni kuiingiza sukari katika viungo, hushindwa kuifanya kazi hiyo sawasawa, na sukari hubaki katika damu. Hiyo ni njia kubwa ya kuingilia ugonjwa wa sukari, uharibuo macho, figo na miguu. Shirika la Afya Duniani limeshauri sukari ya kuongezwa isipite fungu 1 katika 10 la nguvu za chakula cha siku. Na bora zaidi iwe nusu ya hiyo, yaani karibu gramu 25, ambazo ni kiasi cha vijiko 6 vya chai. Basi hesabu: vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, vimekwisha kukumaliza, na hujagusa bado kaimati zilizotiwa shira.

NJIA YA KURUDI

Kwanza, usijitese. Wako watu ambao, wakiona kanzu zimewabana, hushinda na njaa siku mbili, na siku ya tatu wakala kwa kulipiza. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa amali ipendezayo zaidi mbele ya Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Punguza kijiko kimoja cha sukari juma hili, na kimoja juma lijalo.

Pili, funga sita ya Mfunguo Mosi, ambayo fadhila yake imethibiti katika hadithi ya Abu Ayyub iliyo katika Sahihi Muslim. Lakini futari iwe nyepesi. Afungaye mchana, kisha jioni akaketi juu ya sinia ya sambusa, hakupunguza kitu. Amebadili saa ya kula tu. Na mgonjwa wa sukari amwulize tabibu wake kwanza, wala asiache dawa kwa rai yake mwenyewe.

Tatu, rudisha chakula cha kila siku: samaki, mchicha, kunde na matunda, na wali uwe kidogo. Kisha tembea nusu saa, siku tano kwa juma. Mwenye msikiti karibu naye aende kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Nne, tusilazimishane. Kumkirimu mgeni ni Sunna. Kumshurutisha ale mpaka ashindwe kupumua ni ada yetu tu, wala haina asili katika dini. Mgeni akisema “Alhamdulillahi, nimeshiba,” mwenyeji na aridhike. Na chakula kilichobaki kipelekwe kwa jirani siku ile ile, kabla hakijachacha.

Ndugu zangu, tumbo lililoweza kuingoja adhana ya Magharibi siku 29 au 30 haliwezi kushindwa kuingoja njaa. Nguvu tuliyoipata katika Ramadhani tungali nayo, tusiiache ikapotea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na atujaalie afya ya kumwabudu. Amin.